Mwenye Kopo la Mafuta

Hotuba iliyotolewa wakati wa kufungua maonyesho ya picha za kale za reli, katika ukumbi wa mtaa, Nairobi

Wazee wangu, akina mama, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliojibana pale mlangoni, hamjambo? Karibuni ndani, viti vya mbele bado vipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya picha hizi zilizotundikwa ukutani: picha za loko ya Nairobi, yaani banda la injini za reli, na za mji uliozaliwa ubavuni mwake. Nitazizungumzia. Lakini naanza na picha moja ambayo haiko ukutani, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kuzitazama hizi nyingine.

Babu yangu mzaa baba alifanya kazi relwe. Alituachia picha moja tu ya kazini: wanaume wanne wamesimama mbele ya injini, mikono nyuma, hakuna anayecheka. Picha ile ilitundikwa sebuleni utoto wangu wote. Kioo kikapasuka, ikapelekwa kwa fundi wa fremu, naye kwa nia njema kabisa akaigundisha kwenye kadibodi ngumu ili isikunjike tena. Babu akafariki. Baada ya matanga ndipo tulipogundua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewajua wale watatu wengine. Vibaya zaidi, tulikuwa tukibishana kuhusu babu mwenyewe: baba yangu alisema ni wa pili, ami akasema ni wa tatu, na wote wanne wamevaa kofia ileile iliyoshuka hadi kwenye nyusi.

Shangazi yangu ndiye aliyekumbuka kwamba nyuma ya picha palikuwa na maandishi. Akateka maji, akayachemsha, akaishika picha juu ya mdomo wa birika, mbali kidogo, akiigeuza kama anayekausha samaki. Mvuke ukalegeza gundi. Kadibodi ikaachia pembe moja, ikaachia ya pili. Chini yake tukakuta mwandiko wa penseli, majina manne kwa mpangilio wa kusimama, na namba ya injini. Babu alikuwa wa tatu. Naomba msilijaribu jambo hili nyumbani, kwa sababu mvuke huiharibu picha, nasi tulibahatika tu. Lakini toka siku ile sijawahi kuitazama picha ya zamani bila kutaka kuigeuza nione nyuma.

Sasa tuje kwenye loko.

Kwa wageni wetu, na kwa vijana ambao mmeijua reli kwa treni ya SGR ya kutoka Syokimau kwenda Mombasa, iliyoanza 2017: loko ni pale injini zilipolala. Injini ya mvuke haikuwa kama gari, kwamba unageuza ufunguo unaondoka. Ilikuwa karibu na mnyama wa kufugwa. Ilihitaji kuwashiwa moto saa nyingi kabla ya safari, maji yachemke pole pole ili chuma cha boila kisishtuke. Ilihitaji kunyweshwa, kupakwa mafuta kila kiungo, kuzolewa jivu, na kila baada ya muda boila ikafunguliwa na kuoshwa ndani, kwa sababu maji ya nyika yana chumvi na chumvi huganda kwenye mabomba. Kazi yote hiyo ilitaka paa, mashimo ya kuingilia chini ya injini, tangi la maji lililoinuliwa juu, na watu wengi sana.

Ulaya na Marekani mabanda haya mara nyingi yalijengwa kwa umbo la duara. Katikati palikuwa na daraja fupi la reli linalozunguka, injini inapanda juu yake, inageuzwa, inaelekezwa kwenye chumba chake, na vyumba vyenyewe vimepangwa kuzunguka kama vipande vya chungwa. Ukienda London, kule Camden, jengo la aina hiyo la miaka ya 1840 bado limesimama, na siku hizi watu huenda pale kusikiliza muziki. Baltimore, Marekani, liko la 1884, nalo limekuwa jumba la makumbusho. Picha zetu zinaonyesha kitu cha unyenyekevu zaidi: banda refu lililonyooka, mabati juu, mabati ubavuni, moshi ukitoka kila palipo na upenyo. Lakini kazi ni ileile, na namna mji ulivyolizunguka ni ileile.

Kwa nini Nairobi? Swali hili watoto wetu hujibiwa shuleni kwa sentensi moja, nami naona linastahili zaidi. Reli ilianza kutandikwa Mombasa 1896. Ikavuka bahari kuingia bara, ikapanda Taru palipokosa maji, ikasimama Tsavo 1898 simba walipokuwa wakiwatoa watu hemani usiku, na tarehe 30 Mei 1899 ikafika hapa, kama kilomita 530 kutoka pwani. Mbele palikuwa na mlima. Kutoka uwanda huu njia inaanza kupanda kuelekea Kikuyu na Limuru, halafu inaporomoka kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo mwanzoni mabehewa yaliteremshwa kwa kamba za chuma kwa sababu njia ya kudumu ilikuwa haijakamilika. Kwa hiyo wahandisi walihitaji sehemu tambarare, yenye maji, kabla ya kupanda: mahali pa kupumzisha injini, kuzirekebisha, kulundika vyuma na chakula cha maelfu ya watu. Wamaasai walikuwa wamekwisha kupaita kwa jina la maji yake baridi. Wahandisi hawakutafuta mahali pazuri pa kuishi binadamu. Walitafuta mahali pazuri pa kuweka injini.

Tafadhali tembeeni na wazo hilo mnapopita kwenye picha. Tazameni ile ya kwanza kabisa, upande wa kulia. Mahema meupe, safu juu ya safu, na ardhi tupu hadi upeo wa macho. Mnaona mti wowote? Hakuna. Udongo ule mweusi ndio huu tunaoukanyaga mvua ikinyesha tukarudi nyumbani na viatu vizito. Palikuwa kinamasi. Madaktari walilalamika tangu mwanzo kwamba mji hauwezi kukaa kwenye bwawa, na 1902 tauni ilipoingia, bazaar ya Wahindi ilichomwa moto yote. Wakalalamika tena. Lakini banda la injini lilikuwa limekwisha jengwa, makao makuu ya reli yalikuwa yamekwisha hama kutoka Mombasa, na serikali ikafuata reli: 1905 mji mkuu nao ukahamia hapa. Mji ulikuwa umefungwa kwenye mguu wa injini.

Na miti ni dalili nzuri ya kukisia umri wa picha. Injini za mwanzo zilikula kuni kwa kiasi ambacho misitu ya karibu isingekivumilia. Ndiyo sababu kuanzia kama 1902 mikaratusi ilianza kuletwa kutoka ng'ambo na kupandwa kando ya njia, iwe kuni za reli. Basi ukiona picha ya Nairobi iliyo kipara, ni ya mwanzo sana. Ukiona miti myembamba iliyosimama wima nyuma ya mapaa, umesogea mbele miaka kadhaa. Mikaratusi inayokunywa maji ya vijito vyetu leo, inayogombanisha majirani kule mashambani, baadhi ya babu zake waliletwa waliwe na tanuri la injini.

Picha hizi za mwanzo zilipigwa na nani, na kwa ajili ya nani? Jina linalojulikana zaidi ni la William D. Young, mpiga picha aliyefanya kazi na Reli ya Uganda, kama reli hii ilivyoitwa, wakati wa ujenzi. Alikuwa fundi kweli, sitaki kumpunguzia. Lakini tukumbuke nani alikuwa akisubiri picha. Kule London wabunge walikuwa wakigombana juu ya gharama, maana reli ilimeza zaidi ya pauni milioni 5, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Kwa hiyo picha zilitakiwa zionyeshe kwamba fedha zimegeuka kitu: daraja hili hapa, banda hili hapa, injini hii hapa inang'aa. Kamera ilielekezwa kwenye chuma. Binadamu aliwekwa kando ya chuma ili ukubwa wa chuma uonekane.

Njooni hapa karibu na hii ya nne. Wenye miwani, vaeni. Hii ni ndani ya banda. Mbele iko injini, na unaweza kuhesabu kila ribiti kwenye ubavu wake. Kushoto amesimama bwana mwenye kofia ya jua, mkono kiunoni, vifungo vya koti vinaonekana kimoja kimoja. Sasa shusheni macho kwenye magurudumu. Mnaona kama ukungu? Kama mtu aliyefutwa kwa kidole? Huyo ni mtu. Na huyu wa pili, miguu yake inaonekana vizuri lakini kuanzia kiunoni kwenda juu ni moshi mtupu.

Nilidhani kwanza kwamba ni uchafu kwenye picha. Baadaye nikaelewa. Wakati ule picha zilipigwa kwenye vioo, na ndani ya banda penye giza mpiga picha alilazimika kuliacha jicho la kamera wazi kwa sekunde kadhaa. Aliyetulia alitokea. Aliyetikisika alifutika. Sasa fikirini ni nani ndani ya banda la injini anaweza kutulia tuli sekunde zote hizo. Ni yule asiye na kazi mkononi. Aliyekuwa akipangusa magurudumu, akizoa jivu la moto, akipandisha kuni, hakuambiwa asimame, na kama aliambiwa kuna aliyekuwa akimwambia aendelee. Miguu ya yule wa pili imetokea kwa sababu miguu ilisimama imara huku mikono na mabega vikifanya kazi. Kila nikiiona miguu ile, bila kiatu, juu ya sakafu ya majivu ya moto, huwa nabaki pale muda mrefu.

Walikuwa akina nani? Wengi wa waliotandika reli waliletwa kutoka India kwa mkataba, karibu 32,000 kwa jumla. Hesabu ya reli yenyewe inasema 2,493 walifariki, ambayo ni kama wanne kwa kila maili ya njia, kutoka Mombasa hadi Kisumu reli ilipofika Desemba 1901. Zaidi ya 6,000 walibaki hapa baada ya mikataba kwisha. Wapunjabi, wakiwemo Masingasinga, ndio walioshika nyundo, msumeno na tanuri la uhunzi. Picha ya tano inawaonyesha na vilemba vyao. Pamoja nao walikuwa Waswahili wa pwani, Wanyamwezi waliozoea njia za misafara, Wakamba, Wakikuyu, na baadaye watu wa kutoka pande za ziwa, na idadi yao huioni ikitajwa kwa usahihi ule wa ile 2,493. Huyu wa moshi anaweza kuwa yeyote kati yao.

Kuna picha moja inayopendwa sana na magazeti, ya 1909. Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu madarakani kama rais wa Marekani, ameketi kwenye benchi lililofungwa mbele ya injini, pamoja na kaimu gavana Frederick Jackson na wawindaji wenzake, wanatazama wanyama wa nyika. Wote wanatajwa kwa majina. Nyuma yao iko injini nzima, na injini haijiendeshi. Yuko dereva anayechungulia pembeni kwa sababu mbele amezibwa na wakubwa, na yuko mchochea moto, fayamani kama walivyomwita, anayetupia kuni tanurini jua la Athi likiwa utosini. Hao hawamo kwenye maelezo ya picha. Benchi lile limehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, yaliyofunguliwa 1971. Nendeni mkaliketie kwa macho, halafu mzunguke nyuma mpande kwenye kibanda cha dereva cha injini yoyote pale, muone palivyo padogo.

Naomba tusogee ukuta wa pili, ukuta ninaoupenda zaidi. Hapa tumetoka kwa wapiga picha wa reli, tumeingia kwenye albamu zenu wenyewe. Picha za mtaani.

Mji wa reli ulipangwa kama loko ilivyopangwa: kila kitu kwenye reli yake. Maofisa walipanda kilimani kwenye hewa, makarani na mafundi wa Kizungu wakakaa chini yao kwenye nyumba za safu, Wahindi wakawa na safu zao, na Mwafrika akawa na chumba kimoja cha pamoja, karibu na kelele, ili king'ora kikilia asiwe na sababu ya kuchelewa. Nyumba hizo za safu ziliitwa landhi, neno lililokuja na wafanyakazi kutoka India. Ndiyo Barabara ya Landhies hiyo. Na zile zilizojengwa kwa mawe zikawa Landimawe. Watu wanapita pale kila siku kwenda Gikomba na Muthurwa, na jina linawaambia wazi kwamba hapa walilala watu wa injini.

Tazameni hii ya Muthurwa, ya miaka ya 1950 kwa kukisia mavazi. Mama amekaa kizingitini anachambua mboga kwenye ungo. Nyuma yake, juu ya paa, si mawingu yale, ni moshi wa loko. Dada mmoja aliyeileta picha hii aliniambia kwamba mama yake hakuwahi kuanika nguo nyeupe bila kuangalia upepo unatoka wapi. Wakati wa upepo wa kutoka lokoni, nguo nyeupe zilianikwa ndani, juu ya kitanda, kwenye chumba kimoja chenye watu sita. Hilo huwezi kulipata kwenye ripoti yoyote ya reli. Nililiandika papo hapo.

Na hizi tatu za chini ni za wakati wa injini kubwa, zile za jina la milima. Zilitengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock, zikafika katikati ya miaka ya 1950. Zilikuwa 34, kila moja na mlima wake wa Afrika Mashariki ubavuni, na kila moja ilipita tani 250 na urefu wa mita 30. Hazikuwapo nyingine za mvuke zenye nguvu kuzishinda kwenye reli ya upana huu wa mita moja popote duniani. Mbili ziko makumbusho: Mount Gelai na Mount Shengena. Mzee mmoja aliyekuwa msafishaji aliniambia kwamba mfanyakazi hakusema "nimepangiwa injini namba fulani". Alisema "leo niko na Longonot" kama anayemtaja ndugu. Mvuke ulipokoma kwenye njia kuu, kama 1980, wazee wale waliona aibu kulia mbele ya vijana, wakasema ni jivu limeingia jichoni.

Picha za ukuta huu zina kitu ambacho za ukuta wa kwanza hazina. Wanaume hawa wamejipanga wenyewe. Wamenawa uso. Mmoja ameazima tai, inaonekana si yake. Wamemlipa mpiga picha wa mtaani, wakamwambia asubiri hadi waseme tayari. Filamu ilikuwa ya kasi zaidi kuliko kioo, ndiyo, lakini hiyo si sababu pekee kwa nini hakuna aliyegeuka moshi. Wametulia kwa sababu safari hii muda wa kutulia ni wao.

Kinachoniuma ni hiki: kati ya picha 41 tulizoletewa kwa ajili ya ukuta huu, zilizoandikwa majina nyuma ni 9. Wa ukuta wa kwanza walikosa majina kwa sababu mwenye kamera hakuyauliza. Hawa wa ukuta wa pili waliyajua majina yao vizuri, waliyaita kutoka mlango hadi mlango. Yanapotea mikononi mwetu sisi, kwenye masanduku yetu, chini ya vitanda vyetu, huku wanaoyajua wakiwa bado hai na wengine wao wamo ndani ya chumba hiki.

Kwa hiyo leo sikuja kufungua maonyesho ya kutazamwa tu. Meza ile ya upande wa dirisha ina bahasha, karatasi laini, na penseli. Ni penseli, si kalamu, kwa sababu wino huvuja na kupenya upande wa mbele, na mimi nimeona kwa macho yangu penseli ikinusurika gundi na mvuke. Msikandamize mkono. Aliyeleta picha ataandikiwa jina la picha, mahali, mwaka kama unajulikana, na nani ni nani kuanzia kushoto. Kama jina mnalijua nusu, andikeni nusu. "Baba Otieno wa chumba cha mwisho" ni jina. "Yule wa Machakos aliyekuwa akipiga filimbi" ni jina pia, mtu mwingine atakuja kulikamilisha. Picha haitabaki hapa. Tutaipiga picha kwa simu mbele yenu na mtarudi nayo nyumbani.

Nilikuwa nimepanga kuzungumza zaidi kuhusu mashine za ufundi, lakini nataka tutumie mwanga wa jua uliobaki. Tena kuna jambo limetokea nilipokuwa nikizungumza. Mzee aliyekaa safu ya tatu, mwenye bakora, ameinua mkono mara mbili na mimi nikampita kwa sababu nilidhani anataka maji. Mjukuu wake amekuja kuninong'oneza. Mzee anasema kwenye ile picha ya Mount Gelai, yule kijana aliyeshika kopo la mafuta, aliyetazama pembeni, anamjua. Walilala chumba kimoja miaka minne.

Naomba vijana wawili mumsaidie mzee kufika mezani, na mtu mmoja aitoe ile picha ukutani. Polepole, msishike uso wake, mshike kingo. Haya mzee, shikamoo. Tunaanza na wewe.